Sumu Isiyo na Risiti

Mwaka 1985, ukame ulipokuwa umeikausha wilaya ya Tarime ya wakati ule, kabla Rorya haijamegwa, kuna watu walilala wazima wakaamka miguu imekakamaa. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Madaktari waliofuatilia walimkuta mhalifu jikoni: muhogo mchungu. Njaa ilikuwa imewalazimisha watu kukatisha siku za kuuvundika na kuuanika, na sianidi iliyomo ndani yake haikupata muda wa kutoka. Maradhi hayo yanaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na ulemavu wake ni wa kudumu.

Miaka kumi na saba baadaye sianidi ilirudi wilayani humo kwa mlango mwingine. Mwaka 2002 mgodi wa North Mara, kule Nyamongo, ulianza kuzalisha dhahabu, na kwenye migodi mikubwa ya siku hizi ni nadra dhahabu kutoka kwenye mwamba bila sianidi ya sodiamu. Ndiyo maana, kila maji ya kando ya mgodi yanapobadilika rangi, kidole cha kwanza huelekezwa kwenye sianidi.

Mei 2009 maji ya mgodi yalivuja yakaingia Mto Tigithe, unaopeleka maji yake Mto Mara na hatimaye Ziwa Victoria. Wananchi walilalamika kwamba samaki na mifugo walikufa na ngozi za watu zilibabuka. Kampuni ilipojieleza, sianidi haikuwa ndiyo habari. Ilisema yaliyovuja ni maji ya asidi yaliyochuruzika kutoka kwenye miamba taka, yakakusanywa bwawani, kisha yakapenya kwa sababu plastiki iliyotandikwa humo ilikuwa imeibwa. Tutairudia plastiki hiyo. Kwa sasa tuishike asidi, kwa sababu haikuletwa na lori lolote.

Mgodi una sumu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuletwa: sianidi, zebaki, asidi ya viwandani, baruti. Hiyo ina mwagizaji, kibali, stakabadhi, ghala na mtu anayetembea na ufunguo. Ya pili inazaliwa palepale, jiwe lililovunjwa linapokutana na hewa na maji. Haiagizwi, haipiti forodhani, haina risiti. Macho yetu yote, ya mkaguzi, ya mwandishi wa habari na ya mwananchi, yamezoea kuikodolea ile ya kwanza. Ya pili ndiyo inayobaki baada ya mwekezaji kufunga virago, na mpaka leo hatujaamua vizuri nani atakaa nayo.

Yenye daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kemikali ya kuletwa angalau daftari inalo. Tanzania ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeingiza, anayesafirisha, anayehifadhi na anayetumia, wote wanatakiwa wajulikane. Lori la sianidi linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kanda ya Ziwa husafiri zaidi ya kilomita 1,000, likipita madaraja, mizani na masoko ya barabarani. Safari hiyo ni hatari kweli, lakini ni hatari yenye namba ya usajili. Likipinduka, tunajua ni la nani na limebeba kilo ngapi.

Ukitaka kuona kanuni nzima ya sianidi bila kuingia mgodi mkubwa, simama kando ya vati la mchenjuaji wa Geita au Chunya. Ni tangi la saruji lililojazwa marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza kwenye mwalo. Kabla ya kitu kingine chochote, inaingia chokaa. Fundi anachovya karatasi ya pH, kipimo ambacho namba ikishuka asidi imezidi, anasubiri rangi ikolee, anailinganisha na ile iliyochapwa kwenye pakiti. Anatafuta kumi na nusu, hata kumi na moja. Akiipata, ndipo sianidi inaruhusiwa kuingia. Itazunguka kwenye mchanga, itaiyeyusha dhahabu, kisha mkaa maalumu utaikamata dhahabu hiyo kutoka kwenye maji.

Kuitanguliza chokaa ni suala la uhai. Sianidi hutulia ndani ya maji yenye magadi au chokaa. Maji yakishuka hadi pH ya 9.2 hivi, nusu yake imekwisha kugeuka haidrojeni sianidi, na hiyo huacha maji ikapanda hewani. Ni gesi inayoweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Wanasema inanukia lozi chungu, lakini si kila pua inaisikia, kwa hiyo anayengoja harufu imwonye anacheza pata potea. Kwa maneno mafupi, asidi na sianidi hazitakiwi kukutana, na mgodi wenye mwamba wa asidi na mtambo wa sianidi ndani ya uzio mmoja unalazimika kupanga mabomba na mabwawa yake ukijua hivyo.

Hata hivyo sianidi ina sifa moja njema: ina mwisho. Jua huivunja, hewa huipunguza, na mitambo ya kisasa huiharibu kwa kutumia salfa dayoksaidi na hewa kabla tope halijapelekwa bwawani. Mama aliyevundika na kuanika muhogo wake ipasavyo anaijua kanuni hiyo kwa mikono. Dunia ya migodi iliichukulia sianidi kwa uzito zaidi baada ya tarehe 30 Januari 2000, bwawa lilipopasuka Baia Mare, nchini Romania, na mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mitoni, zikaua samaki kwa wingi hadi Hungaria. Baada ya ajali hiyo ulitungwa mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa sianidi, ambao migodi hujiunga nao kwa hiari na kukaguliwa. Kwa mabwawa ambayo ndege na wanyama wanaweza kuyafikia, kipimo kilichowekwa ni miligramu 50 kwa lita ya sianidi ile inayoachia sumu kwa urahisi.

Zebaki ni kesi tofauti, kwa sababu daftari lake limechanika. Wachimbaji wadogo huinunua kwa vichupa, huikamatisha na dhahabu kwenye karai, kisha huichoma motoni, mara nyingine mbele ya mlango wa nyumba. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unataka matumizi hayo yapunguzwe na pale inapowezekana yakomeshwe. Mkataba huohuo unaitaja kazi moja ambayo kwenye machimbo yetu inaonekana ya kawaida kabisa: kuyatia sianidi marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo. Sianidi huiyeyusha zebaki kama inavyoiyeyusha dhahabu, na sumu ambayo ingelala mchangani ikapata miguu ya kutembea na maji. Hapo sumu mbili za kuletwa, kila moja na kanuni zake, zinazaa ya tatu ambayo hakuna aliyeiagiza.

Inayozaliwa

Sasa tuingie kwenye jiwe. Katika miamba mingi yenye dhahabu, shaba au makaa ya mawe kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayometameta manjano kiasi cha kumpandisha presha mchimbaji mgeni. Chini ya ardhi, mbali na hewa, pairaiti haina neno. Imelala hapo tangu zamani za zama. Baruti inapolipuka, mwamba uliokuwa mmoja unageuka vipande vingi, na kila kipande kinafungua uso mpya kwa hewa na mvua. Salfa inaungana na oksijeni na maji, na kinachotoka ni asidi ya salfuriki, ileile iliyomo kwenye maji ya betri ya gari, isipokuwa hii imezimuliwa na mvua.

Kazi hiyo ingeenda polepole kama si wadudu wasioonekana kwa macho. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Colmer na Hinkle, walionyesha kwamba ndani ya maji makali ya migodi ya makaa mnaishi bakteria wanaopata nguvu zao kwa kukioksidisha chuma. Asidi inayoua samaki ndiyo nyumba yao. Maji yakishakuwa makali, bakteria hawa wanaweza kuiharakisha hatua ya chuma mara milioni moja hivi, na chuma walichokibadilisha kinarudi kuishambulia pairaiti iliyosalia. Moto umepata kuni, na kuni ni mlima mzima wa kifusi.

Kipimo cha pH kina mtego kwa asiyekizoea. Kushuka kutoka saba hadi nne kunaonekana kama hatua tatu, lakini kila hatua ni mara kumi. Maji ya nne ni makali mara 1,000 kuliko ya saba. Ukali wenyewe ni nusu ya ubaya, kwa sababu maji makali huyeyusha shaba, zinki, kadimi na metali nyingine, na yakipita kwenye mwamba wenye aseniki huondoka nayo pia. Yakifika mtoni na kukutana na maji safi, chuma hujitenga na kutanda chini kama kutu laini ya rangi ya chungwa. Kutu hiyo hufunika mayai ya samaki na wadudu wadogo wanaoliwa na samaki. Mto unaweza kuonekana angavu kuliko siku zote, na ndani yake kusiwe na kiumbe.

Si kila mgodi una janga hili, na kusema vinginevyo ni kutia watu hofu bure. Kuna miamba yenye salfa kidogo, na kuna miamba iliyobeba ndani yake madini ya jamii ya chokaa yanayoizima asidi kadiri inavyozaliwa. Hapa ndipo penye hila. Kifusi chenye chokaa kidogo kinaweza kujitibu kwa miaka kadhaa. Wapimaji wanakwenda, wanarudi na pH ya saba, kila mtu anapumua. Siku chokaa ya ndani inapoisha, maji yanageuka, na mara nyingi wakati huo mgodi unakaribia kufungwa. Dalili ya mapema ipo, lakini haiko kwenye pH. Iko kwenye salfeti, chumvi inayobaki asidi inapozimwa. Salfeti ikipanda mwaka hadi mwaka huku pH ikiwa imetulia, maana yake pairaiti inaungua kimyakimya na akiba ya chokaa inaliwa. Ripoti yoyote ya maji ya mgodi inayotaja pH bila kutaja salfeti imesema nusu ya habari.

Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya Milima ya Ruwenzori magharibi mwa Uganda, ulifanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982. Shaba ilipelekwa kuyeyushwa Jinja. Pairaiti yenye kobalti, ambayo wakati ule haikuwa na soko, ilirundikwa Kasese, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mvua zilinyesha, rundo likafanya kazi yake, na maji yaliyotoka humo yakachora njia isiyoota mmea hadi ndani ya hifadhi, upande wa Ziwa George. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kuitoa kobalti kwenye rundo hilo, na wafanyakazi wake wakuu walikuwa bakteria wa jamii ileile, safari hii wakilishwa na kupulizwa hewa ndani ya matangi. Kilichokuwa kikitiririka bure na kuharibu kikageuka uzalishaji. Lakini mabaki ya mgodi yaliyolala kando ya Mto Nyamwamba hayakupata kiwanda, na mafuriko, kama yale ya Mei 2013 na Mei 2020, huyala kingo zake na kuyasogeza bondeni. Kampuni iliyoyarundika ilikwisha kuondoka miongo mingi nyuma.

Kwingineko muda ni mrefu zaidi. Mgodi wa Iron Mountain huko California ulisimamisha uchimbaji mwaka 1963, na ndani yake watafiti walipima maji yenye pH chini ya sifuri, hasi 3.6, makali kuliko maji ya betri. Maji ya mgodi huo yanatibiwa hadi leo. Afrika Kusini, mashimo ya dhahabu ya Witwatersrand yaliachwa yajae maji, na mwaka 2002 maji ya asidi yakafurika kutoka kwenye shimo la zamani karibu na Krugersdorp. Waliochimba shimo lile hawakuwepo kujibu.

Lori linakata kulia au kushoto

Njia za kupambana na asidi zinajulikana, na zote zinarudi kwenye kanuni ya jiko: ondoa kuni, ondoa hewa, au zima, na hapa cha kuzimia ni chokaa. Tofauti ni bei. Kukinga ni rahisi kuliko kukusanya, na kukusanya ni rahisi kuliko kutibu milele.

Kinga inaanza kabla ya mlipuko wa kwanza. Mjiolojia huchukua sampuli za mwamba zilizotolewa kwa kuchoronga, akazisaga kuwa unga na kuziuliza swali moja: ukiachwa mvuani, utazaa asidi nyingi kuliko inayoweza kuzimwa na chokaa uliyonayo? Jaribio moja la haraka linatumia haidrojeni peroksaidi, dawa ya jamii ileile inayotoa povu ikimwagiwa kidonda. Unga unamwagiwa, unatoa povu, unachemshwa, unaachwa upoe, kisha pH inapimwa. Ikiwa chini ya 4.5, jiwe hilo ni la kutiliwa shaka. Peroksaidi imefanya ndani ya saa chache kazi ambayo mvua ingeifanya kwa miaka.

Matokeo yanaingia kwenye ramani ya shimo, na kuanzia hapo kila shehena ina jina: hii mbale, ile mwamba salama, ile nyingine mwamba wa asidi. Lori lililobeba tani zipatazo mia moja linapanda kutoka shimoni, linafika njia panda. Dereva anaambiwa kwa redio akate kulia au kushoto. Kulia ni kwenye kifusi cha kawaida. Kushoto ni kwenye kifusi kilichoandaliwa, chenye sakafu iliyoshindiliwa, ambapo mwamba mbaya utazungushiwa na kufunikwa mwamba mzuri, kisha udongo wa mfinyanzi usiopitisha hewa na maji kwa urahisi, kisha udongo wa juu na majani. Zamu moja ya usiku iliyochoka, iliyomwaga shehena za kushoto upande wa kulia kwa sababu kulia ni karibu, inaweza kuharibu kazi ya miezi. Na hakuna atakayeona kosa hilo asubuhi. Litaonekana baada ya miaka kumi, kama doa la kutu chini ya mlima.

Kukusanya ni hatua ya pili. Maji safi ya mvua yachepushwe yasiguse kifusi, na yaliyogusa yaingie mifereji inayoishia bwawani. Ukanda wa Mara hupata mvua nyingi, na bwawa lililopimwa kwa mwaka wa wastani hushindwa na mwaka wa mafuriko. Ndipo tunarudi kwenye plastiki ya Tigithe. Tukichukua maelezo ya kampuni kama yalivyo, bado yanazaa swali zito. Plastiki ngumu ni mali: inaezeka banda, inafunika mahindi, inauzwa. Mgodi uliozungukwa na vijiji maskini, wenye historia ya ugomvi na majirani juu ya ardhi na kifusi, unapotegemea plastiki pekee kuutenga mto na asidi, umeifanya hali ya maisha ya jirani kuwa sehemu ya uhandisi wake. Mwizi ana kosa lake. Lakini mhandisi aliyejua hesabu za chokaa na mvua alipaswa kujua na hesabu hiyo.

Kutibu ni hatua ya mwisho, na silaha yake ni chokaa ileile ya kwenye vati. Inaizima asidi, inaziangusha metali chini, na inaacha tope ambalo nalo linahitaji pa kuwekwa. Chokaa inayofaa ni ya kila siku, kwa kipimo, kabla maji hayajatoka. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mgodi wa shaba lilipobomoka Chambishi nchini Zambia na taka za asidi, lita milioni 50 hivi kwa hesabu ya mwanzo, zikateremka Mto Mwambashi hadi Mto Kafue, maji ya bomba yalikatwa Kitwe, na serikali ikatuma boti na ndege za jeshi kumwaga chokaa mtoni. Kwenye ukanda huohuo wa shaba, ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, ndiko wanakoishi wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ambako asidi ya salfuriki huingizwa kwa malori ili kuyeyushia shaba na kobalti. Kwao asidi ni ya kuletwa na ya kuzaliwa kwa pamoja.

Kutibu kunaweza hata kuzaa faida. Huko eMalahleni, Afrika Kusini, mtambo uliofunguliwa mwaka 2007 husafisha maji ya migodi ya makaa hadi kuwa maji ya kunywa ya mji. Ni mfano mzuri, ila ukumbukwe kwa ukamilifu: mtambo kama huo unataka umeme, chokaa, mafundi na bajeti kila mwaka, iwe makaa yana bei au hayana.

Mwamuzi na kipenga

Sheria tunazo. Ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, na inalipatia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, meno ya kutoza na kufunga. Meno hayo yameonekana. Mei 2019 North Mara ilitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusishwa na bwawa la topesumu, na Julai ikaamriwa kuacha kulitumia bwawa hilo. Septemba ikaruhusiwa tena. Mwezi huohuo kampuni mama, Barrick, ilikamilisha kuwanunua wenye hisa wadogo wa Acacia, kampuni iliyokuwa ikiumiliki mgodi huo, na baadaye serikali ikapata asilimia 16 katika migodi yake kupitia kampuni ya ubia ya Twiga.

Hisa hizo zimeleta gawio, na si jambo la kubeza. Zimeleta pia ugumu mmoja ambao haujazungumzwa vya kutosha. Serikali sasa inapata faida mgodi unapofanya kazi, na inapata hasara kidogo kila unaposimamishwa. Ndiyo hiyohiyo inayoshika kipenga. Sisemi kwamba mkaguzi fulani amepindishwa mkono. Nasema mwamuzi mwenye hisa kwenye timu analazimika kuonekana msafi maradufu, na njia pekee ya kuonekana msafi ni kuanika vipimo vyake.

Machi 2022 ilionyesha gharama ya kutovianika. Samaki walielea wakiwa wamekufa Mto Mara na maji yakageuka meusi. Kamati ya serikali ilichunguza ikasema chanzo ni uozo wa mimea na kinyesi cha mifugo vilivyomaliza oksijeni majini. Watu wengi walicheka, na utani ukasambaa mitandaoni kwa siku kadhaa. Kisayansi, jambo hilo linawezekana: uozo mwingi kwenye maji yaliyotuama huweza kuwakosesha samaki pumzi bila kemikali yoyote ya mgodi. Lakini hoja haikusikilizwa, kwa sababu hapakuwa na mfululizo wa vipimo vya miaka ambao mwananchi aliwahi kuuona, wa kumwonyesha salfeti ilikuwa wapi kabla, iko wapi sasa, oksijeni ilishuka lini. Penye daftari lililofungwa, kila samaki aliyekufa ni ushahidi wa upande wowote unaotaka.

Daftari hilo si gharama kubwa. Kipimo cha mkononi cha pH na cha upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda chumvi zinapoongezeka, kinaweza kutumiwa na mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake. Sampuli ya salfeti na metali kila msimu ipelekwe maabara isiyolipwa na mgodi. Namba zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, palepale panapobandikwa mapato na matumizi. Mgodi ulio safi utakuwa wa kwanza kunufaika.

Suala la fedha ni gumu zaidi. Sheria ya madini ya mwaka 2010 inataka mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati. Buzwagi, kule Kahama, uliacha kuchakata mwaka 2021, na migodi mingine itafuata. Mjadala wa kufunga mgodi kwetu huvutwa na vitu vinavyoonekana: majengo yatakuwa ya nani, uwanja wa ndege utafanywa nini, miti mingapi ipandwe. Vinastahili mjadala. Lakini mti hukua wenyewe ukishashika. Kifusi cha asidi kikishaanza kazi, kinadai chokaa mwaka wa tano, wa thelathini na wa mia, na dhamana iliyopigiwa hesabu ya kusawazisha udongo na kuotesha miche itakuwa imekwisha kabla akiba ya chokaa ndani ya jiwe haijaisha.

Kwa hiyo mkutano wa hadhara wa tathmini ya mazingira unapoitishwa kijijini, na wataalamu wakafika na ramani na maji ya chupa, kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya lile la ajira. Mwamba wa asidi ni tani ngapi, na upande upi wa mlima malori yataumwaga? Nani atapima salfeti ya kijito chetu miaka thelathini baada ya geti kufungwa, na tutazisoma wapi namba zake? Na fedha za kumlipa mtu huyo ziko benki gani, kwa jina la nani? Akijibiwa kwamba sianidi yote itakuwa na kibali, muulizaji ashukuru kwa adabu, kisha arudie swali la kwanza.